Uwiano wa Ujazo wa Koni, Tufe na Mcheduara

Koni, tufe na mcheduara huwa na ujazo ulio katika uwiano wa 1:2:3 iwapo vyote vitatu vina kipenyo kimoja na kimo kilicho sawa na kipenyo hicho. Kwa nusukipenyo cha sentimita 3 na kimo cha sentimita 6, ujazo wake ni 18π, 36π na 54π kwa mfuatano, katika sentimita za ujazo. Makala haya yanafafanua chanzo cha uwiano huo.

Wanafunzi wengi hudhani kuwa koni ni nusu ya mcheduara, kwa kuwa pembetatu ni nusu ya mstatili wenye kitako na kimo kilekile. Mlinganisho huo haufai. Katikati ya kimo, upana wa pembetatu ni nusu ya kitako chake. Katika koni, nusukipenyo ndicho kinachobaki nusu, hivyo eneo la mkato huwa robo. Theluthi hujidhihirisha katika mchemraba, ambao hugawanyika kuwa piramidi tatu zinazolingana, zote zikikutana kwenye kipeo kimoja. Koni yenye kimo na eneo la kitako sawa na vya piramidi huwa na mikato sawa nayo katika kila kimo. Kwa hiyo nayo ni theluthi ya mcheduara wake.

Kanuni ya kulinganisha mikato, iliyochapishwa na Bonaventura Cavalieri mwaka 1635, hueleza tufe vilevile. Mkato wa nusutufe yenye nusukipenyo r, katika kimo h kutoka kitakoni, una eneo la π(r² − h²). Mcheduara wenye kimo r, uliotolewa koni iliyosimama kwa ncha yake, huacha pete yenye eneo hilohilo. Nusutufe, basi, ni mcheduara huo ukipungua theluthi, yaani theluthi mbili.

Archimedes wa Syracuse alithibitisha uhusiano wa tufe na mcheduara katika karne ya 3 KK, na mchoro wa maumbo hayo mawili ndio uliomwezesha Cicero kulitambua kaburi lake mwaka 75 KK.

Katika ufundishaji, kumimina maji ya koni mara tatu ndani ya mcheduara huonesha kuwa uwiano ni kweli, lakini hakuelezi sababu yake. Sababu imo katika mikato, nayo huunganisha kanuni tatu ambazo mwanafunzi angezikariri kila moja peke yake.