Chokaa Kwanza, DAP Baadaye

Pita Kakamega au Vihiga wiki chache baada ya mahindi kuota, utakuta miche iliyodumaa, kingo za majani ya chini zimegeuka zambarau. Mwenye shamba atakuambia kwa uchungu kwamba mbolea ya DAP aliweka. Na kweli aliweka. Ng'oa mche mmoja utazame mizizi: mifupi, minene, ncha zimevimba.

Kisa ni udongo wenyewe. Mvua za miaka na mikaka zimeosha kalisiamu, udongo ukabaki na asidi, na pH ikishuka chini ya 5.5 aluminiamu huyeyuka ikaidhuru mizizi. Aluminiamu hiyohiyo, ikishirikiana na chuma kinachoupa udongo wa huku wekundu wake, huinasa fosforasi ya mbolea kabla mahindi hayajaionja; ndiyo maana majani hugeuka zambarau. DAP nayo huzidisha asidi msimu hadi msimu, kwani bakteria wakiigeuza amonia yake kuwa nitrati, asidi hubaki udongoni.

Chokaa ya kilimo, kama inayosagwa Koru, Kaunti ya Kisumu, hupandisha pH. Aluminiamu ikaganda, mizizi ikapata kutanuka. Samadi ina njia yake. Asidi zinazotoka inapooza hukalia mahali ambapo fosforasi ingenaswa, na samadi yenyewe huja na fosforasi yake. Majani mabichi ya tithonia, ule mmea wa maua ya manjano unaoota kwenye nyua, hufanya vivyo hivyo.

Chokaa itangulie wiki kadhaa kabla ya kupanda, ichanganywe na udongo kwa jembe. Isimwagwe pamoja na samadi mbichi, maana nitrojeni itapotea hewani kama amonia, harufu yake ikuwashe pua. Samadi iliyooza vizuri itiwe shimoni siku ya kupanda, pamoja na DAP kidogo.

Kinachonisikitisha ni kuona mkulima akikopa kila msimu anunue mbolea ambayo udongo utaimeza, ilhali chokaa hudumu misimu kadhaa. Ila apime udongo kwanza. Tani 2 kwa hekta, yaani mifuko 16 ya kilo 50 kwa ekari, huenda zikafaa shamba moja na kuzidi kwa jirani. Na pH ikivuka 7, kalisiamu nayo huanza kuinasa fosforasi. Anayetumia fosfeti ya Minjingu kutoka Tanzania awe mwangalifu zaidi: unga huo huyeyushwa na asidi ya udongo, na chokaa ikizidi utakaa tu shimoni bila kuyeyuka.