Misuli Hukua Kwenye Marudio ya Mwisho

Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikimalizika, hospitali za jeshi la Marekani zilifurika askari waliovunjika miguu na kuumia magoti. Mguu uliofungwa plasta kwa miezi hunyauka, paja likabaki jembamba kama la mtoto. Madaktari wengi wa wakati huo waliamini kwamba mgonjwa wa namna hiyo apewe mazoezi mepesi na ayarudie mara nyingi, kwa kuwa mzigo mzito ungemzidishia madhara. Askari walikaa wodini muda mrefu, na vitanda havikutosha.

Katika Hospitali ya Gardiner mjini Chicago kulikuwa na daktari kijana, Thomas DeLorme, ambaye mwenyewe alikuwa mpenzi wa kunyanyua vyuma. Aliwavalisha wagonjwa kiatu cha chuma, akakiongezea uzito, akawataka wanyooshe goti mara 10 kwa mzigo ambao mara ya 11 isingewezekana. Nguvu zilipoongezeka, mzigo nao uliongezwa. Mapaja yakarudi kujaa, na mwaka 1945 akachapisha matokeo yake. Mwanzoni aliagiza seti 7 hadi 10. Miaka mitatu baadaye, akiwa na mwenzake Arthur Watkins, alizipunguza zikawa 3 tu: ya kwanza kwa nusu ya mzigo, ya pili kwa robo tatu, na ya tatu kwa mzigo kamili.

Ile desturi ya “piga seti tatu za kumi” unayoisikia katika kila gym ina mizizi yake hapo. Kilichosahaulika njiani ni sharti lake: kumi ya mwisho iwe ndiyo mwisho wa uwezo.

Tazama gym ya kawaida ya mtaani saa kumi na mbili jioni. Kijana analala kwenye benchi, anahesabu hadi kumi, anarudisha chuma, anajifuta jasho ambalo nusu yake imeletwa na bati la juu, kisha anashika simu. Ungemwomba aendelee, angefika 18. Miezi sita ikipita, chuma ni kile kile, mkono ni ule ule, na sasa ameanza kuulizia bei ya unga wa protini.

Kwa nini kumi nyepesi hazimsaidii? Msuli hauziamshi nyuzi zake zote kwa pamoja. Nyuzi hizo zimegawanyika katika vikundi, na kila kikundi kinaongozwa na seli moja ya neva inayotoka kwenye uti wa mgongo. Katika miaka ya 1960 mtafiti Elwood Henneman alionyesha kwamba vikundi huitwa kwa utaratibu: vidogo hutangulia, vikubwa hufuata kazi inapozidi. Vikubwa ndivyo vyenye nyuzi zenye nguvu nyingi, zinazochoka upesi, na ndizo kwa kawaida hunenepa zaidi kwa mazoezi. Kwa mzigo mwepesi ulioachwa mapema, nyingi kati ya nyuzi hizo haziguswi kabisa.

Ukiendelea, mambo hubadilika. Vikundi vidogo vinachoka, na mwili unalazimika kuita vile vikubwa ili chuma kiendelee kupanda. Utajua kwa sababu chuma kinapunguza mwendo hata ukikisukuma kwa nguvu zako zote. Hapo kila uzi unaofanya kazi unabeba mvutano mkubwa, na mvutano huo ndio ishara kuu inayoiambia seli ijenge protini mpya. Ujenzi huo hubaki juu kwa siku moja hadi mbili baada ya mazoezi, nao unafanyika ukiwa umelala, umekula na umepumzika. Anayepiga kifua kila siku haupi msuli nafasi ya kupumzika.

Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba uzito wa chuma wenyewe hauna amri kubwa kama tulivyodhani. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwachukua wanaume 49 waliokwisha kuzoea vyuma na kuwafundisha kwa wiki 12. Kundi moja lilitumia mizigo mizito, marudio 8 hadi 12 kwa seti. Jingine lilitumia mizigo myepesi, marudio 20 hadi 25. Wote waliendelea mpaka washindwe. Misuli ya makundi yote mawili ilikua kwa kiasi kinachokaribiana. Anayetaka kunyanyua uzito mkubwa kupindukia bado anahitaji kuuzoea uzito mkubwa, lakini anayetaka kujaza fulana ana njia zaidi ya moja.

Si lazima kila seti iishie kwa chuma kukukalia kifuani. Kubakiza marudio mawili au matatu kunatosha, na kunapunguza hatari kwa asiye na mtu wa kumdaka. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunajidanganya kwenye hesabu hiyo. Tunadhani tumebakiza mawili kumbe tumebakiza manane. Dawa ni kujipima mara moja moja kwa zoezi lisilo na hatari, mfano pushapu: piga hadi mikono ikatae, uone idadi yako halisi, kisha uitumie kama kipimo.

Kupanga kuongeza mzigo ndiyo kazi inayorukwa zaidi, na kwa wenye vyuma vya kujitengenezea ina ugumu wake. Kopo la rangi la lita 4 likijazwa zege huwa na uzito wa karibu kilo 10. Mawili, moja kila upande wa bomba, ni kilo 20 bila bomba lenyewe. Hatua inayofuata kwa mafundi wengi ni ndoo ya lita 20, ambayo ikijaa zege inakaribia kilo 50 kwa upande mmoja. Katikati hapana kitu. Kwa hiyo kijana anakwama kwenye kopo kwa mwaka mzima, au anarukia ndoo na kuumia bega.

Katikati hapo panajazwa kwa daftari. Wiki hii umefika 12 kwa kopo, andika 12. Wiki ijayo tafuta 13. Ukifika 25, funga vifuko vya mchanga vya kilo moja moja kwenye bomba, au shusha chuma taratibu kwa sekunde tatu, au mimina zege nusu kopo jingine uongeze kila upande. Pumzika dakika mbili au tatu kati ya seti. Kukimbizana bila kupumua kunachosha moyo na mapafu kabla ya msuli unaoulenga. Kwa mwenye uzoefu, seti 10 kwa wiki kwa kila msuli ni kiasi kizuri. Anayeanza hukua hata kwa chache zaidi.

Chakula nacho kina hesabu yake. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliounganisha tafiti 49 uliona kwamba faida ya protini kwa wanyanyuaji hukoma kwenye kiasi cha gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni gramu 112. Yai moja lina kama gramu 6, na zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa wakavu ni protini. Maharage, dagaa, mayai na maziwa vinaweza kukufikisha bila kopo la unga wa protini la bei mbaya kutoka nje.

Maumivu ya kesho yake yasikupe kiburi. Huja zaidi kwa zoezi geni, na hupungua mwili ukizoea hata kama misuli inaendelea kukua. Ila ukiona mkojo umekuwa wa rangi ya kahawia baada ya mazoezi makali, nenda hospitali siku hiyo hiyo: huenda misuli imevunjika kupita kiasi, na mabaki yake yanaweza kuharibu figo. Mwenye shinikizo la damu amwone daktari kwanza, na asibane pumzi anaponyanyua.

Umri si kizuizi. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Boston kwa wazee 10 wa makao ya kutunzia wazee, wastani wa umri miaka 90. Walifundishwa kwa wiki 8, kwa mizigo mizito kulingana na uwezo wao. Waliomaliza waliongeza nguvu za miguu kwa wastani wa asilimia 174, na misuli ya mapaja ikaongezeka ukubwa. Bibi wa nyumbani anaweza kuanza kwa kukaa na kusimama kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, na mtu akiwa karibu yake. Akifika mara 15 na ya mwisho ikawa rahisi kama ya kwanza, apewe mfuko wa unga wa kilo 2 aukumbatie, aanze kuhesabu upya.