Sauti Zashuka Kitonga, Shindano Halipandi

Kati ya mwaka 2006 na 2013, shindano la kuimba la Tusker Project Fame lilitoa washindi sita wa Afrika Mashariki: Valerie Kimani wa Kenya, Esther Nabaasa wa Uganda, Alpha Rwirangira wa Rwanda, Davis Ntare wa Uganda, Ruth Matete wa Kenya na Hope Irakoze wa Burundi. Mtanzania hakuwahi kulibeba taji lile. Peter Msechu ndiye aliyekaribia, alipomaliza wa pili mwaka 2010. Habari hiyo imesemwa sana. Iliyosemwa kidogo ni kwamba misimu yote sita jukwaa lilikuwa Nairobi. Rwanda ilishinda, Burundi ikashinda, lakini Kigali na Bujumbura hazikupata hata usiku mmoja wa fainali. East Africa's Got Talent ilipokuja mwaka 2019, nayo ikarekodiwa Nairobi.

Kama Kigali haikufikiriwa, Mbeya na Iringa zingefikiriwa na nani?

Fungu la Nyanda za Juu Kusini, kanda ya Tanzania yenye miji hiyo miwili, katika mashindano ya namna hii ni usaili. Bongo Star Search, shindano la kuimba la Rita Paulsen nchini, limeipanga Mbeya kuwa kituo cha usaili katika misimu kadhaa. Majaji wanakuja, wanasikiliza, wanachagua wachache, wanaondoka. Kwenye mpango ulioandikwa Dar es Salaam jambo hilo linakaa vizuri sana: mkoa, tarehe, ukumbi, idadi ya washiriki. Mtu akisoma jedwali hilo ataamini kabisa kwamba kanda imeshirikishwa.

Ukienda kwenye foleni yenyewe unaona mengine. Nimesimama kwenye foleni hizo Mbeya, mwezi wa Julai, saa kumi na mbili asubuhi, baridi ikiwa imekaza na vijana wakipumulia viganja. Wa Makete na wa Mufindi walikuwa wamefika jana yake, wamelala kwa ndugu Mwanjelwa au kituo cha mabasi. Binti mmoja aliyekuwa amevaa koti la kaka yake alikuwa akinywa maji ya moto na tangawizi kwenye kikombe cha plastiki, halafu anapasha sauti kwa kuguna kidogo kidogo, mdomo umefungwa, namba yake ya usaili imebandikwa juu ya koti. Aliitwa baada ya saa saba mchana. Hakuna ala, hakuna kipaza sauti, hakuna aliyemwambia aimbe kwa ufunguo gani. Ndani alikaa kwa muda usiotosha kumaliza ubeti. Aliyepanga ratiba ile aliwahesabu watu, akasahau kwamba koo lililokaa baridini kwa zaidi ya saa saba si koo lililotoka kitandani.

Wanaopinga wazo la kuleta shindano lenyewe huku wana hoja za kweli. Matangazo ya moja kwa moja yanahitaji gari la matangazo, njia ya setilaiti au mkongo usioyumba, jenereta mbili ili moja ikizima nyingine ishike, na ukumbi wenye paa la kuning'iniza taa. Kumbi tulizonazo, Mkapa na Tughimbe kwa Mbeya au Siasa ni Kilimo kwa Iringa, ndizo zinazobeba mikutano, harusi na mahafali yetu. Ukumbi wa kawaida wa harusi una dari la jipsam lisiloweza kubeba chuma cha taa. Na mvua za masika zikipiga kwenye bati, mhariri wa sauti hana la kufanya isipokuwa kusubiri. Vyumba vya wageni, vibali vya Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) na ulinzi navyo vinataka fedha.

Usafiri ni mfano mzuri wa namna mipango inavyokwenda huku. Uwanja wa ndege wa Songwe, unaohudumia Mbeya, ulianza kutumika Desemba 2012, baada ya ujenzi uliovuta zaidi ya muongo mmoja. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini kwa miaka mingi uliendelea bila taa za kuongozea ndege usiku, na asubuhi za ukungu rubani aligeuza na kurudi Dar es Salaam akiwa na abiria wake. Mwandaaji mwenye jaji anayetakiwa kuwa jukwaani saa mbili usiku hawezi kuweka dau kwenye ukungu. Kwenye taarifa mradi ulikuwa umekamilika, lakini kwa abiria ulikuwa nusu.

Hata hivyo, sikubali kwamba udogo wa mji ndicho kizuizi. Mei 15, 1993, shindano la nyimbo la Eurovision lilifanyika Millstreet, mji mdogo wa Ireland wenye watu wapatao 1,500. Noel Duggan, mfanyabiashara wa hapo aliyekuwa na ukumbi wa mashindano ya farasi, aliiandikia televisheni ya taifa akajitolea kuutoa bure. Paa lilikuwa chini mno kwa taa, basi wakachimba sakafu. Nchi 25 zikaimba pale. Manispaa ya Iringa, kwa sensa ya 2022, ina watu zaidi ya 200,000, na Jiji la Mbeya zaidi ya 500,000.

Wala hatuanzi sifuri. Malori ya tamasha la muziki la Fiesta yamepanda mlima Kitonga, kwenye barabara ya kutoka Dar es Salaam, mara nyingi na kufunga jukwaa kwenye viwanja vya Samora, Iringa, na Sokoine, Mbeya, na mtangazaji akisalimia kwa Kihehe, “Kamwene!”, uwanja wa Samora unaitikia wote. Juni 2025, Iringa ilipokea UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na sekondari, na wanafunzi wa mikoa yote walishindana kwa kwaya na ngoma pamoja na michezo. Tukuyu imewahi kuandaa tamasha la ngoma za jadi. Juu ya hayo yote kuna kwaya za Wamoravian na Walutheri, ambazo mashindano kwao ni jambo la kila mwaka: mwalimu anayegawa sauti nne bila kinanda, fundi wa usharika anayejua kipaza sauti gani kinapiga kelele na kwa nini. Watu hao ndio hazina ya kwanza ya shindano lolote la kuimba, na sijawahi kuona mpango wa usaili uliowatengea nafasi zaidi ya kubeba nyaya.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Mwandaaji wa msimu ujao, wa taifa au wa kanda nzima ya Afrika Mashariki, aiweke nusu fainali moja Mbeya au Iringa, mwezi wa Septemba au Oktoba, baridi ikiwa imepungua na mvua haijaanza, na awaajiri mafundi wa hapa kwa mkataba, wakae kwenye mitambo na kujifunza. Nazo halmashauri, zinapochora ukumbi mpya, zimwite fundi wa taa na fundi wa sauti kabla ramani haijapitishwa. Kuinua paa kwenye karatasi ni kazi ya siku moja. Baada ya zege kumwagwa, itabidi na sisi tuchimbe sakafu.