Fedha zilizoingia kwenye simu yako kwa makosa ni za nani?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, Alhamisi moja baada ya swala ya Alasiri tulikuwa tumeketi kwenye baraza ya msikiti, ukaingia ujumbe kwenye simu yetu. Tulipousoma tuliona kuwa tumepokea shilingi 186,000 kutoka kwa mtu tusiyemjua. Jina lake lilikuwapo, namba yake ilikuwapo, na salio letu lilikuwa limeongezeka kweli. Wiki hiyo tulikuwa tukidaiwa ada ya mtoto, na kiasi kilichotupungukia hakikuwa mbali na hicho kilichoingia. Jamaa aliyekuwa pembeni yetu alitabasamu akasema, "Hiyo ni riziki, sheikh. Mola ameitikia dua yako."

Tulimkanya. Lakini tunakiri mbele ya wasomaji wetu kwamba hatukuipiga namba ile. Tulijiambia kuwa mwenyewe akizitaka fedha zake atatutafuta, kisha tukaendelea na shughuli zetu.

Kabla ya Magharibi ukaja ujumbe mwingine ukitutaka "ile pesa" tuitume kwenye namba fulani, na ukataja jina litakalotokea. Kwa kuwa kweli tulikuwa na fedha za mtu, tulikwisha anza kubonyeza namba hiyo ili tutue mzigo. Kijana wetu ndiye aliyetuzuia. "Baba, hebu tazama. Namba iliyoandika ujumbe huu siyo iliyotuma fedha, na hata kiasi hakukitaja. Ujumbe huu matapeli humtumia kila mtu." Alisema kweli. Tulikuwa karibu kumpa mwizi mali ya mtu mwingine huku tukidhani tunatekeleza wajibu.

Mwenye mali alipiga baada ya Isha, naye alikuwa mwanamke. "Shikamoo baba. Naomba unisaidie, nilikosea tarakimu moja tu." Fedha zile alikuwa akimtumia kaka yake aliyekuwa hospitalini akimuuguza mama yao, na dawa ilikuwa ikisubiri malipo. Tulipomuuliza kwa nini hakutupigia mapema, alinyamaza kidogo, kisha akasema kuwa aliogopa. Watu wamemwambia kuwa mpokeaji akishtuliwa hukimbilia kwa wakala akazitoa fedha zote, akazima simu. Kwa hiyo tangu Alasiri alikuwa akihangaika na namba ya huduma kwa wateja, akisikiliza muziki na sauti iliyorekodiwa ikimwambia asubiri.

Tulimuuliza alama za mali yake: kiasi, saa na namba ya muamala. Alitusomea herufi moja moja, na zote zikaafikiana na zilizo kwetu. Yeye akawasilisha ombi lake kwa kampuni ya simu, nasi tukatoa idhini yetu. Fedha zilimrudia kesho yake, na dawa iliyotakiwa usiku ikanunuliwa mchana. Mama alipona, alhamdulillahi. Lakini zile saa nne za ukimya wetu bado zinatusumbua, nazo ndizo zilizotufanya tuandike makala haya.

Neema iliyokuja na mtihani

Hatusemi haya kwa kuibeza huduma yenyewe. Wenye umri wetu wanakumbuka namna fedha zilivyokuwa zikisafiri. Mtu alifunga noti kwenye bahasha akampa dereva wa basi au jamaa anayekwenda kijijini, kisha akakaa siku tatu hajui kama zimefika. Huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, na ikaingia Tanzania mwaka 2008, taabu hiyo iliondoka kwa watu wengi. Leo mjane aliye mbali na benki anapokea fedha kutoka kwa mwanawe akiwa jikoni kwake. Hii ni neema, na neema hushukuriwa kwa kutumiwa katika yanayomridhisha aliyeitoa.

Ila wepesi huo huo unaomfikishia mama dawa kwa dakika moja, ndio unaompelekea mgeni mali isiyo yake kwa tarakimu moja iliyokosewa. Hapo ndipo dini inapoulizwa.

Nguo iliyopeperushwa na upepo

Wako wanaosema kuwa fedha za namna hii ni kiokotwa, yaani luqata. Kauli hiyo haiko sawa. Kiokotwa ni mali ambayo mwenyewe hajulikani, na ndiyo maana Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Zayd bin Khalid iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alielekeza ijulikane mfuko wake na kamba yake, kisha itangazwe mwaka mzima. Fedha za simu huja na jina la mwenyewe na namba yake. Utangaze nini, na hali umemjua?

Mfano ulio karibu zaidi ni ule tuliousoma katika vitabu vya fiqhi ya Imam Shafi: upepo ukipeperusha nguo ya jirani ikaangukia uani kwako. Hukuiomba wala hukuiiba, lakini imo mikononi mwako. Wanavyuoni wameiita amana ya kisharia. Ukimjua mwenyewe, ni wajibu wako kumjulisha au kumrejeshea mara uwezapo. Ukichelewa bila ya udhuru, dhamana inakuangukia, hata nguo ikipotea bila ya wewe kuigusa. Tulilisomesha somo hilo miaka mingi, na bado lilitupita siku lilipotuhusu. Kusubiri "mwenyewe apige" siyo udhuru kwa mtu aliye na namba ya mwenye mali mkononi.

Nyudhuru zisizofaa

Wengine husema, "Kosa ni lake, kwa nini hakusoma jina?" Ni kweli kuwa mtumaji ana wajibu wa kusoma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, na haraka hiyo imewaumiza wengi. Lakini uzembe wa mtu haufanyi mali yake kuwa halali kwa mwingine. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat Nisaa, aya ya 58, tuzirudishe amana kwa wenyewe, wala hakubagua baina ya mwangalifu na mzembe.

Wengine husema, "Zilipoingia tu zilikatwa deni langu." Hili hutokea. Zipo huduma za kukopeshwa kupitia simu, mfano wa Fuliza iliyoanza Kenya mwaka 2019, ambazo hukata deni katika fedha yoyote inayoingia. Masharti ya mikopo hiyo yana mjadala wake wa riba, nasi hatutauingia leo. Linalotuhusu ni kwamba deni lako limelipwa kwa mali ya mtu, kwa hiyo sasa mtu huyo ndiye anayekudai. Ikiwa huna kitu, mpigie umwambie ukweli na mpatane muda. Qur'ani, katika Surat Baqara, aya ya 280, imehimiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe nafasi. Nafasi hiyo huiomba aliyekiri deni, haipati aliyezima simu.

Wako pia wanaorudisha kwa masharti: "Nitakutumia, ila nitakata ya chai." Mwenye mali akikupa kitu kwa radhi yake ni hisani yake. Ama kumwekea sharti la kukatwa ili apate kilicho chake, huko ni kula mali ya watu kwa batili.

Hukumu ni hiyo hiyo kwa umeme wa LUKU. Jirani akikosea namba ya mita akakununulia wewe, umeme uliokwisha kuutumia haurudi, lakini thamani yake unadaiwa.

Namna ya kurudisha

Kwanza, tazama salio lako, kwa sababu ujumbe huweza kughushiwa. Pili, usikubali kuzituma kwenye namba nyingine yoyote. Surat Hujurat, aya ya 6, inatufundisha kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Tatu, piga namba iliyotuma, uliza alama, kisha wote wawili muijulishe kampuni ili fedha zirudi kwa njia ile ile zilimopitia.

Na nyinyi mlioajiriwa kuwahudumia watu, katika kampuni za simu na katika ofisi za umma, nanyi mna amana. Mnalipwa kwa muda wenu. Anayelipwa kamili akatoa huduma pungufu na ajiangalie katika onyo la Surat Mutaffifin. Yule mnayemwambia asubiri huenda ana mgonjwa.

Mtume (S.A.W.) alipohama Makka alimwacha Ali bin Abi Talib (R.A.) nyuma ili arudishe amana za watu, na wengi wa watu hao walikuwa wakimpiga vita. Sisi tunaulizwa kuhusu tarakimu moja iliyokosewa na mwanamke aliyekuwa na hofu. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametueleza habari ya muflisi wa umma huu, ajaye Siku ya Kiyama na swala zake na saumu zake, kisha wanaomdai wakagawiwa mema yake mpaka yakamwishia. Msomaji aliye na fedha za namna hii kwenye simu yake hivi sasa, na ampigie mwenyewe kabla ya kwenda kuswali Ijumaa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe kwa yale tuliyoyachelewesha, atutosheleze kwa halali yake, na atujaalie tukutane Naye bila ya haki ya mtu shingoni. Amin.

Wallahu aalam.