Kifusi Chako Chahitaji Gari la Ukubwa Gani?

(Somo la hesabu za nyumbani, kama lilivyosomwa redioni kwa madarasa ya elimu ya watu wazima)

Somo letu la leo ni la hesabu, nayo ni hesabu ya fedha zako mwenyewe. Tutajifunza jinsi ya kukadiria kifusi cha ujenzi, ili ujue gari la kukodi liwe la ukubwa gani, na liende safari ngapi. Weka karibu kalamu, karatasi na utepe wa kupimia. Kama huna utepe, kamba yenye fundo kila nusu mita yatosha kwa leo.

Mara nyingi mambo huwa hivi. Mtu avunja jiko la zamani, au choo, au ukuta wa ua. Rundo lakaa uani. Amwita dereva, dereva alitazama rundo, na wote wawili wapatana kwa macho. Lakini macho hayajui kupima rundo. Ukikodi gari dogo mno, safari zaongezeka, na fedha ulizowekea saruji zaishia barabarani. Ukikodi kubwa mno, walipia nafasi tupu. Tena kuna jambo baya zaidi: gari dogo likipakiwa kupita nguvu zake, breki hazishiki sawasawa na tairi huweza kupasuka, na pengine wapakiaji wameketi juu ya mzigo huo huo.

Haya, tuanze. Tuseme unataka kuvunja jiko la uani lenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 2. Kuta zake zina kimo cha mita 2, na unene wa sentimita 15, yaani mita 0.15. Pima kabla hujavunja. Hili ndilo neno la kwanza la kukumbuka, kwa maana ukuta uliosimama hupimika kwa urahisi, lakini rundo lina mabonde na vilima.

Jumlisha urefu wa kuta zote nne: 3 na 3 na 2 na 2, jumla mita 10. Zidisha kwa kimo, mara 2, upate 20. Zidisha kwa unene, mara 0.15, upate 3. Hizo ni mita 3 za ujazo. Mita moja ya ujazo ni kama sanduku lenye urefu wa mita moja, upana wa mita moja na kimo cha mita moja. Ndani yake zaingia ndoo 50 za lita 20. Sasa toa nafasi ya mlango: upana mita 1, mara kimo mita 2, mara unene 0.15, ni 0.3. Zabaki mita 2.7 za ujazo. Sakafu ya zege nayo yavunjwa: 3 mara 2 mara unene wa sentimita 10, yaani 0.1, ni 0.6. Jumla yote 3.3.

(Hapa mwalimu wa darasa asimamishe kidogo, wanafunzi waandike.)

Je, utakodi gari la kubeba mita 3.3? La. Ukuta ukivunjwa huvimba. Matofali yaliyokuwa yamekaa bega kwa bega sasa yamelala ovyo, na katikati yake mna hewa. Kwa kifusi cha matofali na zege, ongeza nusu ya kipimo cha kwanza. Nusu ya 3.3 ni 1.65. Jumla 4.95, tuseme mita 5 za ujazo. Udongo uliochimbwa huvimba pia, ila kidogo zaidi, kama robo hivi.

Ujazo umeongezeka, je, uzito? Uzito haukubadilika hata kidogo. Tofali likiwa ukutani au likiwa chini vipande vipande, uzito wake ni ule ule. Ukuta wa matofali ya saruji yasiyo na tundu una uzito wa karibu tani 2 kwa kila mita ya ujazo, na zege karibu tani 2.4. Basi kuta zetu, 2.7 mara 2, ni tani 5.4. Sakafu, 0.6 mara 2.4, ni karibu tani 1.4. Jumla tani 6.8.

Kama hesabu hiyo yakutia shaka, iko njia nyingine ya kuihakikisha, nami naipenda kwa sababu haihitaji kitabu. Jaza ndoo moja ya lita 20 kwa kifusi chako mwenyewe, uipeleke kwenye mizani ya dukani. Tuseme yapima kilo 27, bila uzito wa ndoo. Mita moja ya ujazo ni ndoo 50, basi 27 mara 50 ni kilo 1,350. Mita 5 zitakuwa kilo 6,750. Umeona? Tumefika karibu pale pale. Ndoo hii yafaa hasa pale usipojua ukuta wako ni wa nini, au matofali yana tundu, au ni udongo na mawe kama nyumba nyingi za zamani. Pima ndoo tatu kutoka pande mbalimbali za rundo, kisha tumia wastani wake.

Sasa twendeni kwenye gari. Gari lina vipimo viwili, wala si kimoja. Cha kwanza ni ukubwa wa bodi, yaani lile sanduku la nyuma. Pima mwenyewe kwa ndani: urefu, upana, na kimo cha ubavu. Cha pili ni uzito linaoruhusiwa kubeba. Huo utaupata katika kadi ya gari. Kadi huonyesha uzito wa gari tupu, na uzito wa juu wa gari pamoja na mzigo wake. Toa wa kwanza katika wa pili. Gari tupu likiwa kilo 2,500, na uzito wa juu kilo 5,500, mzigo wake ni kilo 3,000, yaani tani 3. Si utovu wa adabu kumwomba dereva akuonyeshe kadi. Ni wewe unayelipa.

Chukua gari hilo la tani 3, na tuseme bodi lake lina urefu wa mita 3, upana 1.6, na ubavu 0.4. Zidisha: 1.92. Kwa ujazo, mita 5 gawanya kwa 1.92 ni 2.6, na kwa kuwa hakuna safari ya nusu, ni safari 3. Kwa uzito, tani 6.8 gawanya kwa 3 ni 2.3, nazo ni safari 3. Majibu mawili yamekubaliana. Yasipokubaliana, fuata lile lenye safari nyingi zaidi.

Hapo ndipo ulipo mtego. Dereva atakuambia, "Nitaongeza mbao ubavuni, tumalize kwa safari mbili." Akizipandisha mpaka kimo cha mita 0.8, bodi litachukua mita 3.84 za ujazo. Kwa kilo 1,350 kila mita, ni kilo 5,184. Gari la tani 3 limebebeshwa zaidi ya tani 5! Mbao zimeongeza nafasi. Hazikuongeza nguvu za ekseli, wala za breki. Kwa makuti na matawi mbao hizo zafaa sana. Kwa zege, kataa.

Tazama pia yale magari madogo ambayo wengi Tanzania huyaita kirikuu. Mengi yametoka Japani, na huko sheria ya magari ya aina hiyo yataka mzigo usizidi kilo 350. Bodi lake ni kama mita 1.9 kwa 1.4, na ubavu wa mita 0.3 hivi, basi ujazo wake ni karibu mita 0.8. Likijazwa kifusi chetu mpaka ukingoni, ni zaidi ya kilo 1,000, mara tatu ya kiasi chake. Kwa haki lapaswa kubeba ndoo 12 au 13 tu, yaani kifusi kisichozidi kina cha sentimita 10 hivi. Mtu apitaye ataliona gari kama tupu, na mwenye mzigo atanung'unika. Lakini kwa jiko letu la tani 6.8 zingetakiwa safari 20, hivyo hilo si gari la kazi hii.

Makuti ni kinyume chake. Paa la makuti makavu hujaza lori mpaka juu, wala uzito haufikii hata nusu ya kiasi chake. Hapo usishughulike na tani. Tafuta bodi kubwa, ufunge mzigo kwa kamba na turubai. Mabati ya zamani yalaze bapa, moja juu ya jingine, yasile nafasi. Lakini mabati ya asbesto, yale ya kijivu yafananayo na saruji, usiyavunje wala kuyachanganya na kifusi. Vumbi lake huingia mapafuni na huleta maradhi hata baada ya miaka mingi, kansa ikiwa mojawapo. Mwulize bwana afya wa eneo lako kwanza.

Na gharama? Tuseme, kwa mfano tu, gari la tani 3 ni shilingi 50,000 kwa safari, na lori la tani 7 ni shilingi 130,000. Safari 3 za gari dogo ni 150,000. Safari moja ya lori ni 130,000. Lori laonekana rahisi. Lakini je, lapita katika uchochoro wako? Likisimama barabara kuu, kifusi chote kitasukumwa kwa toroli. Toroli moja huchukua kama ndoo 3, na mita 5 za ujazo ni ndoo 250, basi ni safari 83 za toroli na zaidi. Watu wa kusukuma nao watataka kulipwa. Enda ukapime upana wa njia, na utazame nyaya za umeme na matawi, kabla hujasema "leta lori."

Mambo mengine ya kupatana ni machache. Nani anapakia? Bei ni ya safari au ya siku? Kifusi kinakwenda wapi? Swali hili la mwisho watu hulisahau, gari likiisha kuondoka huona wamemaliza. Kikitupwa kwenye mfereji au bonde la mto, mvua za masika zitakuja kuonyesha kilipo, na watakaoingiliwa na maji ni watu wa bondeni wasiojua hata jiko lako lilikuwa na rangi gani. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na shughuli za taka ngumu zimewekwa mikononi mwa serikali za mitaa. Mwulize mtendaji wa mtaa wako mahali paliporuhusiwa, na mtajie dereva mahali hapo kabla ya kulipa. Ukichelewa mpaka mvua inyeshe juu ya rundo, utalipia pia uzito wa maji.

Mimi kwa upande wangu ningeanza kwa kupunguza rundo. Tofali zima lina mnunuzi au kazi nyingine. Vipande vyaweza kushindiliwa chini ya sakafu mpya, au kujaza shimo lililobaki uani. Tena uliza majirani: ni ajabu lakini kweli, wewe walipa kifusi kiondoke, na mtu wa mtaa wa pili mwenye kiwanja cha chini yuko tayari kulipa kifusi kije. Pale mjini panapopatikana kontena la taka la kukodi, hesabu ni hii hii: pima ujazo wake, na uulize laruhusiwa uzito gani.

Hili hapa zoezi la juma hili. Umechimba shimo la maji machafu lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 2 na kina cha mita 1.5. Udongo umevimba kwa robo. Ndoo moja ya udongo huo yapima kilo 28. Gari ni lile la tani 3, lenye bodi la mita 1.92 za ujazo. Litakwenda safari ngapi? Na ukiamua kubakiza nusu ya udongo kwa kusawazisha ua, safari zitabaki ngapi? Andika njia yote, si jibu peke yake, umpelekee mwalimu wako.