Mto Uliofungwa kwa Mawe

Ndugu msomaji, miongoni mwa mbayuwayu wanaoshuka Afrika Mashariki kila mwaka wakikimbia baridi ya Ulaya na Asia, yumo mmoja mdogo, mwenye mgongo wa kahawia na mkanda wa kahawia kifuani. Uzito wake ni gramu 14 hivi. Ndege wa aina hiyo hiyo yuko Marekani pia, ila yeye hukimbilia Amerika ya Kusini. Yaliyompata kando ya mto Sacramento, katika jimbo la California, ni funzo kwa kila aishiye karibu na mto.

Mbayuwayu huyu hajengi kiota mtini. Huchimba tundu katika ukingo wa udongo uliosimama wima, akataga humo mayai yake. Mafuriko yanapoumega ukingo, matundu ya zamani huenda na maji pamoja na viroboto vyake, na ukuta mpya hutokea, ambao nyoka haupandi kwa urahisi. Basi lile ambalo wewe na mimi tunaliita uharibifu, kwake ndiko kupata nyumba.

Mwaka 1960 Bunge la Marekani liliidhinisha mradi wa kuzilinda kingo za mto huo. Nia haikuwa mbaya. Nyuma ya matuta kulikuwa na miji na mashamba, na watu waliyaogopa mafuriko. Wahandisi wa jeshi wakazichonga kingo zikawa mteremko, kisha wakazifunika kwa mawe makubwa. Maili kwa maili, mbayuwayu akakosa pa kuchimba. Mwaka 1989 jimbo la California likamwandika katika orodha ya viumbe walio hatarini.

Wala hakudhurika peke yake. Miti ya ukingoni ilipoondolewa, vifaranga vya samaki aina ya samoni vilikosa kivuli, na mizizi na magogo ya kujifichia. Mto uliozuiwa kuhama nao huacha kutandaza mchanga mpya ambamo miche ya miti ya kando huota.

Tena, mawe hayaimalizi nguvu ya maji. Aghalabu huisukuma ikaule ukingo usiolindwa, na hapo mawe mengine hutakiwa.

Je, tuyaache maji yabomoe nyumba na madaraja? La, hasha! Penye maisha ya watu, ukuta una haki yake. Lakini iko njia nyingine: kulisogeza tuta mbali na maji. Huko Hamilton City, kando ya mto huo huo, kazi ya namna hiyo ilianza mwaka 2016, mji ukapata kinga bora na mto ukarudishiwa sehemu ya uwanda wake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, utakaposikia kwamba ukingo wa mto porini unatakiwa kujengewa mawe, uliza kwanza: ni nyumba ya nani inayolindwa, na ni ya nani inayobomolewa?