Lori la Kuunga na Asili ya Kila Chuma

Pande zote mbili za Mto Ruvuma yako maswali ambayo wavuvi, wachuuzi wa samaki na mafundi wa magari hawachoki kutuuliza kila tunapokutana nao, na mojawapo ni hili: je, gari lililoundwa kwa vipande vya magari mbalimbali ni halali? Jibu fupi ni kwamba laweza kuwa halali kabisa. Hakuna sheria inayomkataza fundi kutia injini ya gari moja katika chasisi ya gari jingine. Linalomponza mwenye gari ni mambo mawili: vyuma visivyo na asili inayojulikana, na breki zisizolingana na mzigo. Mambo hayo ndiyo tunayotaka kuyaeleza katika makala haya, na mfano tutautoa katika njia inayofahamika na wengi wenu, yaani njia ya samaki wa Vamizi.

Kisiwa cha Vamizi, kilichoko katika Wilaya ya Palma, kaskazini kabisa mwa pwani ya Cabo Delgado, kina urefu wa takriban kilomita 12, na upana wake haufiki kilomita 2. Kisiwa cha namna hiyo hakihitaji lori. Watu wake huenda kwa miguu na kwa mashua. Lakini samaki na pweza wake hawaliwi wote kisiwani. Ng'onda hufungwa, hupakiwa mashuani, huvushwa hadi bara, na hapo ndipo gari linapohitajika, tena gari la kustahimili mchanga, tope la masika na maji ya chumvi. Gari jipya la kazi hiyo mchuuzi wa kawaida halimudu. Basi huunga.

Na malighafi ya kuungia ipo. Pande zote mbili za mto zimerithi magari ya zamani ya vizazi mbalimbali. Msumbiji, baada ya uhuru wa mwaka 1975, ilipokea malori ya IFA W50 kutoka Ujerumani Mashariki, malori yaliyoundwa katika mji wa Ludwigsfelde kuanzia 1965 hadi 1990, yenye injini ya dizeli ya nguvu za farasi 125. Upande wetu wa Tanzania yalikuwapo Bedford, na Land Rover ndiyo iliyozoeleka kuliko zote, hasa ile ndefu iitwayo 109, ambayo wazee wengi huitambua kwa mlio kabla hawajaiona. Magari haya yalitengenezwa kwa bolti na vyuma vinavyofunguka, hayana kompyuta, na fundi mwenye mkono mzuri huyavunja na kuyaunga tena chini ya mwembe. Sisi hatuoni haya kusema kwamba ujuzi huo twauheshimu. Wapo watu wanaodhani kwamba polisi akiona mkweche huona kosa tu, sivyo.

Wala jambo hili si la pwani yetu peke yake. Huko California, Marekani, baada ya vita vya pili vya dunia, vijana walichukua Ford za zamani za bei nafuu, wakazitoa mabawa na vifuniko ili ziwe nyepesi, wakazitia injini za silinda 8, ambazo Ford ilianza kuziuza mwaka 1932, kisha wakashindana mbio barabarani. Watu walikufa, na wananchi wakataka magari hayo yapigwe marufuku. Mwaka 1951 Wally Parks aliunda chama cha kitaifa cha wenye magari hayo, na katika mji wa Pomona polisi wakachagua njia nyingine badala ya kuwakimbiza vijana: waliketi nao. Mashindano rasmi ya kwanza ya chama hicho yalifanyika hapo Pomona mwaka 1953, katika uwanja uliotengwa, na gari lilikaguliwa kabla ya kuruhusiwa kukimbia. Askari mmoja wa mji huo, Bud Coons, hatimaye alikuwa miongoni mwa waliozunguka nchi nzima wakifundisha ukaguzi huo. Twaitaja habari hii kwa sababu wapo mafundi wanaotukwepa, hali ukaguzi wa mapema ndio unaowapa wao kinga.

Sasa turudi kwenye lori letu la samaki. Tuseme fundi ana chasisi ya Land Rover 109 iliyolala miaka mingi. Injini yake ya petroli imekufa, naye amepata injini ya dizeli ya Toyota ya lita 2.8, ile iitwayo 3L, iliyotoka katika Hiace au Hilux. Giaboksi ni ya Land Rover yenyewe, maana ndani yake mna gia za kuvuta magurudumu yote manne. Kwa hiyo hutengeneza sahani ya chuma ya kuiunganisha na injini ya kigeni. Nyuma hutoa bodi na kuweka kitanda cha mbao. Matairi hutia makubwa zaidi. Gari hilo likiwaka, na kwa kawaida huwaka, mtaa mzima husimama kulitazama.

Kitu cha kwanza ambacho fundi huyo angepaswa kukitazama, kabla hajawasha mashine ya kuchomelea, ni nambari ya chasisi. Katika Land Rover za aina hiyo nambari hupigwa kwenye chuma cha mbele upande wa kulia, pale springi inapofungiwa. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haili kutu kama chuma, na ndiyo maana gari laweza kuonekana zima kwa macho. Lakini chasisi yake ni ya chuma, ina uwazi ndani, na pwani huiliwa kutokea ndani kwenda nje. Sehemu mojawapo inayooza mapema ni hizo pembe za mbele. Fundi mwema, asiye na nia mbaya hata chembe, hukata pembe iliyooza, huchomelea chuma kipya, na kile kipande kilichooza hukitupa katika rundo la vyuma chakavu. Pamoja nacho ametupa jina la gari. Kuanzia siku hiyo kadi ya usajili inataja gari ambalo halithibitiki tena, na askari atakayelikagua hana njia ya kutofautisha kati ya kutu na mkono wa mwizi, kwa sababu mwizi naye huanza na pale pale.

Njia ya sawa si ngumu. Gari lipelekwe kwa mkaguzi wa magari wa polisi, au yeye aombwe kulifikia, kabla ya kukata. Nambari isomwe, ipigwe picha, iandikwe. Kipande chenye nambari kitunzwe hata kama kimebaki cha ukubwa wa kiganja. Kazi ikiisha, mabadiliko ya injini, ya rangi na ya bodi yapelekwe kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambayo ndiyo msajili wa magari, ili kadi isome kile kilichoko barabarani. Upande wa Msumbiji kijitabu cha gari, yaani livrete, nacho kinapaswa kulingana na gari lenyewe. Twajua kwamba safari ya ofisini ni gharama na siku ya kazi iliyopotea. Lakini kadi inayotaja injini ya petroli huku gari likitoa moshi wa dizeli ni ugomvi unaomngojea mwenye gari katika kila kizuizi, mpaka atakapoliuza, na anayelinunua hurithi ugomvi huo.

Tuje kwenye asili ya vyuma, na hapa twaomba tusikilizwe kwa makini. Kaskazini mwa Cabo Delgado imepita katika miaka migumu. Kimbunga Kenneth kilipiga pwani hiyo Aprili 2019. Visiwa vya Vamizi na Mecungo vilishambuliwa Septemba 2020, na mji wa Palma ukashambuliwa Machi 2021. Maelfu ya watu walikimbia, baadhi wakiwa na nguo walizovaa tu. Magari yaliachwa uani, barabarani, porini. Mengine yaliungua. Mengine yalivunjwavunjwa na watu waliopita baadaye, na vipande vyake, injini, giaboksi, difu, magurudumu, vikaingia sokoni, na vyuma vinapokwisha kufunguliwa huvuka maji kwa urahisi kuliko gari zima.

Aliyeikimbia Palma hajaacha kuwa mwenye gari lake. Wapo waliorudi, na wapo wanaoendelea kurudi, na kwa wengine gari lile bovu lililobaki uani lilikuwa ndiyo mali pekee ya kuanzia maisha upya. Mtu anayeuziwa injini kwa bei ya kutupa, bila stakabadhi, na muuzaji asiyetaka kutaja gari ilikotoka, asijidanganye kwamba ameokota bahati. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, humhesabu kuwa mkosaji anayepokea mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba mali hiyo imeibwa. Na kwa mali inayoshukiwa, mwenye kukutwa nayo hutakiwa aeleze ameipata wapi. Maelezo ya kwamba niliuziwa na mtu ufukweni hayamsaidii.

Na uchungu wa jambo hili ni kwamba chuma kimoja huweza kulifunga gari zima. Chasisi ni ya babu, ina kadi. Kitanda kimelipiwa kwa seremala. Matairi yana risiti. Lakini injini ni ya wizi. Lori zima hulala kituoni kama kielelezo, kesi ikiendelea, na samaki hawangoji kesi. Twamshauri mnunuzi aandikiane na muuzaji mbele ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa, waandike nambari ya injini, gari ilikotolewa, majina yao na sahihi zao. Karatasi hiyo haigharimu zaidi ya kalamu. Majeshi ya polisi ya Tanzania na Msumbiji yote yamo katika ushirikiano wa wakuu wa polisi wa kusini mwa Afrika, SARPCCO, ulioanzishwa mwaka 1995, na magari ya wizi ni miongoni mwa mambo ambayo ushirikiano huo umeyashughulikia kwa operesheni za pamoja. Nambari iliyoripotiwa ng'ambo yaweza kuulizwa huku.

Tumesema kwamba la pili ni breki. Fundi wa kuunga hupenda kuanza na injini, kwa maana injini ndiyo inayosikika. Sisi twapenda kuanza na kusimama. Land Rover fupi, ile 88, ina dramu za breki za inchi 10. Ile ndefu 109 ina za inchi 11. Mashimo ya ringi hulingana, kwa hiyo ekseli ya fupi huweza kufungwa katika ndefu bila taabu, na macho hayataona kosa. Lori hilo likiwa tupu litasimama. Likipakiwa ng'onda hadi juu, na abiria juu ya ng'onda, halitasimama pale dereva alipotarajia. Mbaya zaidi ni ekseli yenye dramu ya aina moja kushoto na ya aina nyingine kulia: gari likikanyagwa breki huvuta upande mmoja, na upande huo mara nyingi ndipo walipo waenda kwa miguu.

Tena mwendo ukizidi maradufu, nguvu ambayo breki inapaswa kuimeza haizidi mara 2, huzidi mara 4. Injini mpya yenye nguvu kuliko ile ya zamani huliongezea gari mwendo ambao breki zake hazikutengenezewa. Na matairi makubwa humdanganya dereva, kwa kuwa kipimamwendo huhesabu mizunguko tu, si urefu wa duara la tairi. Huonyesha 50 hali gari limekwisha kupita hapo. Dereva anayetuapia kwamba alikuwa ndani ya mwendo unaoruhusiwa penye makazi ya watu huenda anasema kweli kwa kadiri ya mshale wake.

Kwa lori la samaki kuna adui mwingine asiyetajwa sana, nao ni maji yanayovuja kutoka katika mizigo. Maji hayo ya chumvi hupita kati ya mbao za kitanda, hudondokea chasisi, mabomba ya breki na springi, siku baada ya siku. Bomba la breki lililoliwa na chumvi halipasuki likiwa limesimama gereji. Hupasuka linapokanyagwa kwa nguvu. Lori lioshwe chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila linaposhusha mzigo, si juu tu kwa ajili ya uzuri, na mabomba yabadilishwe kabla ya kungoja yavuje.

Anayekusudia kulivusha lori la namna hiyo, iwe kwa kivuko cha Kilambo au kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lile la mita 720 lililofunguliwa mwaka 2010, afike na kadi iliyorekebishwa, maandishi ya ununuzi wa injini, hati ya ukaguzi, na picha za nambari ya chasisi zilizopigwa kabla na baada ya kuchomelea. Aliyekwisha kukata pembe ya chasisi na bado anacho kile kipande chenye nambari asikitupe; akilete pamoja na gari, hata kikiwa kimeoza, kwa mkaguzi wa magari aliye karibu naye.